Mbwa Mwenye Kiherehere: Namna ya Kumtuliza Bila Kidonge Wala Kiboko

Jirani yangu wa Mtopanga, hapa Mombasa, bi mkubwa ambaye huniletea mahamri kila Ijumaa, ndiye aliyenifungua macho bila kukusudia. "Mwanangu," aliniambia akiwa upande wake wa ua, "huyo mbwa wako ana jini. Tangu alfajiri anazunguka tu." Nilicheka. Baadaye nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa uani kumtazama Bosco, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa zaidi ya dakika mbili tangu nimlete nyumbani. Alikuwa amefungwa mnyororo kwenye mwarobaini. Kunguru akatua karibu na sufuria yake ya chakula. Bosco akaruka, mnyororo ukamkaba shingo, kunguru akasogea hatua moja tu. Kunguru wa pili akaja kwa nyuma akadokoa ugali. Bosco akageuka, akauzunguka mti, mnyororo ukafupika. Mchezo huo ulikwenda karibu saa nzima. Ningekuwa mimi ndiye niliyefungwa pale, jini lingenipanda kweli.

Aliyemfunga ni mimi, na nilikuwa na sababu yangu: alikuwa akirukia watu. Kumbe ndivyo mambo yanavyojizungusha katika nyumba nyingi za hapa kwetu. Mbwa anaruka kwa sababu amefungwa kutwa, na anafungwa kutwa kwa sababu anaruka. Mwongozo huu ni wa kutoka kwenye mzunguko huo. Nimeupanga kwa hatua, na hatua hizo zifuatwe kwa mpangilio wake, maana ukianza na muziki na mafuta ya kunukia ilhali mbwa ana kupe mia moja masikioni, utakuwa unapoteza wakati wako na wake.

Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa

Mbwa hasemi kichwa kinamuuma. Anazunguka, anabweka, anajiramba mguu mpaka unatoka kidonda, anakataa kulala. Kabla ya kusema ana wasiwasi, mlaze ubavu umpekue: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Joto na unyevu wa Pwani ni neema kwa kupe na viroboto, na kupe haishii kuwasha tu, bali huambukiza magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa achoke, apate homa na awe mkali bila sababu. Minyoo nayo humfanya ahangaike. Meno mabovu na masikio yenye usaha pia.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Usione haya kuuliza namba ya usajili, kwa sababu mitaani wapo wauzaji wa sindano wanaojiita madaktari.

Hapa lazima nitaje kichaa cha mbwa. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla ndani ya siku chache, akawa mkali au mwoga kupita kiasi, anang'ata mawe na vijiti, sauti imebadilika, hawezi kumeza, udenda unamtoka: huyo si wa kutulizwa. Usimguse. Mfungie mahali asipoweza kumfikia mtu ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama, na uite ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, na kinga yake ni chanjo ambayo mbwa huanza kupewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Hatua ya 2: Tazama sufuria yake

Katika nyumba zetu mbwa hula kinachobaki. Chai iliyobaki ya asubuhi inamwagiwa mbwa na mahamri yaliyokauka. Chai ina kafeini, na mwili wa mbwa huvumilia kafeini kidogo sana kuliko wetu. Halafu tunashangaa saa tatu asubuhi anapokimbia ukuta hadi ukuta.

Pilau iliyobaki ina vitunguu maji na vitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu kavu ni sumu kwake. Kama nyumbani kuna anayetafuna muguka au miraa, mabaki yasitupwe uani. Majani hayo yana kathinoni, kemikali inayochangamsha mwili kwa namna inayofanana na amfetamini. Mbwa akiyala moyo humwenda mbio, hutetemeka na hawezi kutulia hata kwa bahati mbaya. Nimeshasikia pia ushauri wa vijana wa kijiweni kwamba mbwa msumbufu apulizwe moshi wa bangi. Bangi humlewesha mbwa vibaya, huyumba, hujikojolea, na wengine huishia kutundikiwa maji kwa daktari.

Mpe chakula mara mbili kwa siku, saa zile zile. Ugali au wali na matumbo yaliyochemshwa bila chumvi na bila viungo unafaa kwa mbwa wengi, ila daktari akuangalizie kama kinatosheleza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali na kumchoma utumbo.

Hatua ya 3: Punguza mnyororo

Sisemi umwachie tu leo usiku. Mbwa aliyezoea kufungwa ukimfungua ghafla, atatoka getini kama risasi na utampata mtaa wa Kiembeni. Anza na ua. Ziba matundu, tengeneza geti linalofunga lenyewe, kisha mfungue kwa saa mbili jioni baada ya kutembezwa, akiwa amekwisha kutoa nguvu zake. Asiye na ua anaweza kuvuta waya imara kati ya nguzo mbili, apitishe pete, afunge kamba kwenye pete ili mbwa aweze kwenda na kurudi. Nguzo ziwe nje ya njia ya mti wowote atakaouzunguka. Sufuria ya maji iwe kivulini, na kivuli chenyewe ukihakikishe saa saba mchana, si asubuhi tu, maana jua linahama.

Kuhusu kunguru, niliacha kumwekea Bosco chakula kikae. Dakika 15, kisha sufuria inaondolewa. Baada ya wiki moja kunguru walihamia kwa jirani mwingine.

Hatua ya 4: Matembezi ya pua

Watu wengi hudhani mbwa mwenye kiherehere anatakiwa achoshwe kwa mbio. Wanamrushia mpira mara mia. Mbwa anarudi nyumbani mwili umechoka, lakini ndani yake bado kunachemka, na baada ya nusu saa yuko palepale. Zaidi ya hapo, ukimkimbiza kila siku unamjenga awe mwanariadha, na kesho atahitaji mbio zaidi.

Mbwa anasoma dunia kwa pua. Mwache anuse. Chukua kamba ndefu ya mita tatu hivi, toka naye saa 11 alfajiri au baada ya saa 12 jioni, na ukubali kwamba matembezi ya dakika 30 yanaweza kuishia nguzo ya tano ya stima. Akisimama kwenye kichaka, simama naye. Hesabu pole pole akilini, usimvute. Utaona mkia unashuka kutoka juu hadi usawa wa mgongo, pumzi inabadilika, akimaliza anajikung'uta mwili mzima kama aliyetoka majini. Huko kujikung'uta ndiko unakokutafuta.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, lami ya Mombasa mchana ni kikaango. Weka kiganja chako kwa upande wa nyuma juu ya lami. Usipoweza kuvumilia sekunde 7, na yeye hawezi. Mbwa wenye pua fupi ndio wa kuchungwa zaidi, maana hawapoi upesi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Likipita 40 akawa anayumba, ufizi umeiva wekundu na udenda mzito, mmwagie maji ya kawaida ya bomba, mpulizie feni, na umkimbize kwa daktari.

Ufukwe ni mzuri alfajiri, kabla ya wauza madafu na wenye ngamia kufika. Beba maji yake, kwa sababu mbwa akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Mwangalie asiokote samaki waliotupwa na wavuvi. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu isiyoondoka hata akikauka, na mbwa anayemtafuna anaweza kufa siku hiyo hiyo. Hilo ndilo pekee ninalomkemea Bosco kwa sauti.

Hatua ya 5: Mpe kazi ya mdomo

Kutafuna na kuramba humtuliza mbwa kama tasbihi inavyomtuliza mzee wa barazani. Huhitaji vichezeo vya dukani. Hapa kwangu natumia kifuu cha nazi. Napika uji mzito wa mahindi kwa supu ya dagaa, bila chumvi, nashindilia ndani ya nusu ya kifuu, naweka kwenye friza usiku kucha. Siku ya joto nampa akiwa kwenye saruji ya varanda. Dakika 20 za kuramba, kimya. Akimaliza nakiondoa, kwani kifuu ni kigumu, akikitafuna atavunja jino.

Njia nyingine haina gharama yoyote: chakula chake usikiweke kwenye sufuria, kitawanye kwenye nyasi akitafute. Au vidagaa vikavu vichache uvifunge kwenye vipande vya gazeti, uvitupie ndani ya boksi la kadibodi. Atalichana boksi vipande vipande. Ufagio upo.

Hatua ya 6: Usingizi

Mbwa mzima hulala saa 12 hadi 14 kwa siku, mtoto wa mbwa hadi 18 au 20. Sasa fikiria mbwa wetu wa Mombasa. Usiku analinda: kila bodaboda inayopita anabweka, kila paka juu ya ukuta. Alfajiri adhana inaanza, msikiti mmoja baada ya mwingine, naye anaitikia kwa mlio mrefu. Wazee husema mbwa akilia namna ile ameona kitu. Kwa wataalamu wa wanyama, sauti ndefu inayopanda na kushuka humwamsha mbwa aitike kama anavyowaitika mbwa wenzake wa mbali. Kisha kunakucha, watoto wanacheza kando yake, mafundi wanagonga mabati. Atalala saa ngapi?

Mtafutie sehemu ya mchana: upande wa nyuma wa nyumba, penye giza kidogo, pasipopita mtu. Waambie watoto mbwa akiwa pale haguswi. Mtoto wa mbwa anayeng'ata miguu ya watu saa moja jioni mara nyingi ni mchovu tu, kama mtoto mchanga anayelilia usingizi huku akiupinga.

Hatua ya 7: Somo la mkeka

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kipuuzi. Unamfundisha mbwa kwamba kuna mahali ambapo kazi yake ni kutofanya kitu.

Tafuta mkeka wa kuchakaa au gunia safi. Chemsha ini la ng'ombe, likate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Robo kilo hukaa wiki nzima kwenye friji. Chagua saa ya utulivu. Kwangu ni baada ya alasiri, jua likiwa limepungua. Kaa kwenye kigoda karibu na mkeka, mbwa akiwa kwenye kamba iliyolegea. Usiseme neno. Usimwite, usimwonyeshe ini.

Atahangaika. Atakunusa mfuko, atakupiga kwa mguu, atabweka mara mbili. Tulia. Mguu wake mmoja ukikanyaga mkeka, weka kipande kimoja juu ya mkeka, katikati ya miguu yake ya mbele. Miguu yote minne, kipande kingine. Akikaa, kingine. Akilala chini, vitatu, kimoja kimoja, pole pole, kana kwamba una siku nzima. Mkono wako ukienda kwa pupa, naye atapata pupa.

Subiri sasa kitu kidogo ambacho usipokuwa makini utakikosa: analegeza kiuno. Badala ya kulala kama askari aliye tayari kuruka, anaangusha nyonga upande mmoja. Hapo mpe vitano. Bosco alichukua siku nne kufika kwenye nyonga. Siku ya tisa aliweka kidevu chini na kushusha pumzi ndefu, na mimi nikajikuta nimeshusha yangu.

Baada ya dakika tano, kunja mkeka uuweke. Usiuache ukakaa uani siku nzima, maana utakuwa zulia tu. Wiki ya pili anza kuongeza mambo, moja kwa wakati: unasimama, unapiga hatua tatu na kurudi, mtu wa nyumbani anafungua geti, mtoto anapita na mpira. Akinyanyuka usimgombeze. Umeenda mbio wewe. Rudi hatua moja nyuma.

Ukishafika hapo, tumia mkeka kwa wageni. Katika mji wetu hili ni suala la heshima na ujirani. Kwa Waislamu wengi wa hapa, wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yakimgusa mtu au nguo yake, panaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee aliyetia udhu na kuvaa kanzu yake kwenda Ijumaa hana raha ya kurukiwa na mbwa wako mlangoni. Mbwa wa ulinzi hana ubaya kwao. Ubaya ni kumfanya mtu arudi nyumbani kubadilisha nguo. Mgeni akibisha, mbwa kwenye mkeka, kamba imefungwa mahali, ini mbili tatu, ndipo geti lifunguliwe. Yule bi mkubwa wa mahamri siku hizi hupita, na humwambia Bosco kwa mbali, "Leo una adabu."

Kumbuka, kumfokea mbwa anayebweka ni kama kubweka naye. Kumpiga kunamnyamazisha kwa muda, lakini hofu inabaki, na siku moja inatoka kwa meno bila onyo.

Hatua ya 8: Radi za masika, fataki za Diwali na mwaka mpya

Mbwa husikia hadi mitetemo 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000. Hofu ya kishindo si ujinga na haiondoki kwa kuzoeshwa kwa nguvu. Ukimfungia nje "azoee", kila radi inamzidishia.

Mafunzo yafanywe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mvua ikiwa mbali. Tafuta kwenye simu sauti ya radi iliyorekodiwa. Icheze chini kabisa, kiasi cha sikio kutikisika tu, na papo hapo mpe ini. Sauti ikikoma, ini linakoma. Ni kanuni ileile ya Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na udenda: kishindo kiwe habari ya chakula. Ongeza sauti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kipimo ni kimoja. Akikataa kula, sauti ni kubwa mno, ipunguze.

Siku yenyewe ikifika kabla hujamaliza mafunzo, tengeneza pango. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kubwa, hata choo, pazia limeshushwa, feni inavuma. Tena weka muziki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow pamoja na shirika la kutetea wanyama la Scotland waliwapigia mbwa wa makao ya hifadhi aina tano za muziki, na zilizowatuliza zaidi ni roki laini na rege. Nilipowasomea hilo vijana wa stendi ya tuktuk walishangilia kama waliofunga bao. Basi kwangu ni rege, sauti ya wastani, na nyimbo nabadilisha kwa sababu mbwa huzoea akaacha kusikiliza.

Kisha leso. Mbwa wengine hutulia mwili ukibanwa kidogo, kama mtoto aliyefungwa nguo. Wengine hawabadiliki, na wakikataa usilazimishe. Chukua leso kuukuu, ikunje kwa urefu iwe ukanda wa upana wa kiganja na nusu. Katikati ya ukanda iweke kifuani mwake. Peleka ncha mbili juu, zipishane mabegani. Zishushe ubavuni, zipishane tena chini ya tumbo, karibu na mbavu. Zipandishe mgongoni, funga fundo upande mmoja wa uti wa mgongo, si juu yake. Vidole viwili viweze kupita chini ya kitambaa kila mahali. Mzoeshe siku za kawaida kwa dakika tano na ini, ili leso isije ikawa ishara ya balaa. Usimwache nayo kwenye joto wala peke yake. Ya Bosco ina jina lisemalo "Wacha waseme", na nadhani inamfaa.

Akija kujificha miguuni pako, mshike. Kuna imani kwamba kumbembeleza mbwa mwenye hofu ni kumfundisha aogope. Si kweli, hofu haizawadiwi kwa kubembelezwa. Mpapase kwa mkono mzito na wa taratibu kutoka shingoni hadi begani, usimpigepige kichwani.

Kutweta kunapotosha watu wengi hapa Pwani. Mbwa mwenye joto hutweta akiwa amejinyoosha kwenye saruji, ulimi umetandazwa. Mwenye wasiwasi hutweta hata usiku wa kusi kuna baridi, masikio yamelala nyuma, weupe wa jicho unaonekana, anapiga miayo bila usingizi na hawezi kukaa mahali pamoja kwa dakika moja.

Hatua ya 9: Anayelia ukiondoka

Binamu yangu anakaa ghorofani Nyali na mbwa mdogo aliyekula ukingo wa mlango mpaka damu ikamtoka ufizini. Majirani walilalamika. Aliacha simu ikirekodi, na kumbe kilio kilianza kabla hajafika lifti.

Tulianza na funguo. Mara kumi kwa siku anazishika, anazitikisa, anakaa kwenye kochi. Funguo zikapoteza maana. Kisha mlango: kufungua na kufunga akiwa ndani. Kisha kutoka sekunde 5 na kurudi, bila kuaga wala shangwe. Sekunde 10. 30. Dakika moja ilichukua siku sita, lakini kutoka dakika 30 hadi saa mbili kulikwenda haraka. Wakati wa mafunzo mbwa hakuachwa kamwe zaidi ya anavyoweza. Mama mkwe alikuja kukaa naye, na siku nyingine alikwenda naye dukani.

Vitu vya kunukia na majani

Katika utafiti wa Ireland Kaskazini uliochapishwa mwaka 2006, mbwa wanaobabaika safarini walitulia zaidi gari lilipokuwa na harufu ya lavenda. Harufu, si kupaka wala kunywesha. Tone moja kwenye kitambaa kilicho mbali naye, na mlango uwe wazi ili aondoke asipoipenda. Mafuta ya karafuu na ya mchaichai usimpake, atayaramba. Udi na ubani kwenye chumba kilichofungwa humkera pua, pua inayozidi yetu mara nyingi mno. Kama unataka kumpa dawa za majani za dukani, muulize daktari kwanza, hasa kwa mbwa anayetumia dawa nyingine.

Na wapo ambao hatua zote hizi hazitoshi. Mbwa aliyeteswa utotoni, au anayejiumiza, huenda akahitaji dawa ya daktari kwa miezi kadhaa, sambamba na mafunzo. Mpe bila kuona haya. Ila vidonge vyako mwenyewe vya maumivu, parasetamoli na ibuprofeni, visimkaribie.

Kwa usiku wa mwaka mpya ninafanya hivi. Matembezi marefu ya pua yanaisha kabla ya saa 12 jioni. Chakula saa moja. Saa mbili anafungwa kamba na kupelekwa kujisaidia mara ya mwisho, kola ikiwa na namba ya simu. Saa nne choo kimeandaliwa, mkeka upo, kifuu kimetoka friza. Saa sita fataki zinalipuka na honi za meli zinaungurumia Kilindini, nami nimekaa sakafuni naye. Zikinyamaza nasubiri saa nzima nyingine, kwa sababu daima kuna kijana mmoja aliyebakisha fataki yake. Ndipo navua leso, nampa maji. Asubuhi, kabla hajatoka, napita uani kuokota mabaki ya fataki yaliyoanguka, kwa kuwa baruti ni sumu na Bosco huokota kila kitu.